Mama ana miaka 70, kemo ataiweza?

Majibu ya kinyama yalipoonyesha kwamba uvimbe kwenye titi la shangazi ni saratani, kikao cha familia kilikaa jioni hiyohiyo. Shangazi alikuwa na miaka 71. "Huyu ni mtu mzima, dawa zile zitamuua kabla ya ugonjwa," alisema baba mdogo, na karibu wote tukaitikia. Mwenyewe alikuwa jikoni anachambua mchicha. Hakuna aliyemwita.

Wiki iliyofuata, daktari wa saratani hakushughulika sana na miaka yake. Alimuuliza kama anakwenda sokoni kwa miguu. Kama ameanguka karibuni, kama nguo zimeanza kumpwaya, dawa gani nyingine anameza, na usiku analala na nani nyumbani. Nilidhani anapiga soga. Kumbe ndicho kipimo chenyewe.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2021 ulifuatilia wagonjwa 718 wa saratani mbalimbali zilizokwisha kusambaa, wote wa miaka 70 na zaidi. Madaktari waliopewa taarifa za namna hiyo kuhusu wagonjwa wao, pamoja na ushauri wa nini wafanye, walikuwa na wagonjwa asilimia 51 waliopata madhara makali ya dawa. Kwa madaktari ambao hawakupewa, walikuwa asilimia 71. Tofauti kubwa hiyo, na imeletwa na maswali ya kawaida kabisa.

Ni kweli uzee unabadilisha kinga ya mwili. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, ambamo seli T, askari wa mwili, hukomaa. Tezi hii huanza kusinyaa mapema sana, na mtu akifika miaka 70 hutoa askari wapya wachache. Tena mwili wa uzeeni huwa kama una kidonda kinachofukuta ndani kwa ndani. Damu ikipimwa, protini iitwayo CRP huonekana imepanda kidogo, ingawa mtu hana homa wala jipu.

Maabara nao wanaweza kutazama kinyama kwa hadubini na kuona ni seli ngapi za kinga zimeingia ndani ya uvimbe. Katika aina ya saratani ya titi isiyo na vipokezi vitatu, inayosumbua wanawake wengi wa Afrika, seli hizo zikiwa nyingi dawa kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi.

Lakini wanawake wawili wa miaka 70 hawafanani. Unene, sigara na kukaa kitako kutwa huchochea huko kufukuta, na baada ya hedhi kukoma mafuta ya mwilini ndiyo yanayotengeneza homoni ya estrojeni, chakula cha saratani nyingi za titi. Pombe nayo, hata kidogo, huongeza hatari. Kutembea kila siku kunapunguza uchovu wa matibabu. Mama anayepalilia shamba lake anaweza kuwa na mwili imara kuliko binti yake wa miaka 50 anayeshinda kwenye kiti cha ofisi.

Hapa kwenye chakula ndipo tunapowaumiza wazazi wetu. Mgonjwa akishatajwa saratani, ananyimwa nyama, mayai na maziwa, anabaki na juisi na majani ya mstafeli yaliyochemshwa. Hakuna ushahidi kwamba majani hayo yanatibu saratani ya binadamu. Kinachojulikana ni kwamba mgonjwa aliyeisha misuli huumizwa zaidi na kemo. Mpeni mama dagaa, maharage, mayai, kuku. Na kama kuna dawa ya miti anakunywa, daktari aambiwe, hata kama mnaona aibu.

Kumpunguzia dawa kwa huruma nako kuna bei. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, uliwahusu wanawake 633 wa miaka 65 na zaidi wenye saratani ya titi iliyokuwa bado haijasambaa. Waliopewa vidonge vya kapesitabini, vilivyodhaniwa kuwa vyepesi, walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara mbili ya waliopata kemo ya kawaida.

Tena huenda kemo yenyewe isihitajike. Wanawake wengi wa umri mkubwa wana saratani yenye vipokezi vya homoni, ambayo baada ya upasuaji hutibiwa kwa vidonge vya kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Vipo vinavyodhoofisha mifupa, kama letrozoli na anastrozoli, kwa hiyo mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga aseme mapema. Basi ulizeni majibu ya vipokezi kabla ya kugombana sebuleni.

Ya shangazi yalikuwa na vipokezi. Alifanyiwa upasuaji, sasa yuko kwenye vidonge na viungo vinamuuma asubuhi. Siku ile daktari alipomaliza kutueleza, baba mdogo alianza kujibu kwa niaba yake. Shangazi akamkatiza, akauliza swali lake la kwanza tangu ugonjwa uanze: kama mkono upande ule ungeweza bado kubeba ndoo.