Gitaa la mwarobaini: rangi haifichi kosa la msasa

Uani kwetu Kisauni palikuwa na mwarobaini uliopandwa na marehemu ndugu yangu. Mizizi ilipoanza kupasua ukuta wa choo, hatukuwa na budi kuukata. Gogo lake lilikaa chini ya paa la mabati karibu miaka mitatu likikauka, hadi siku mwana wa ndugu yangu aliponijia akaniambia, "Ami, mti wa baba tuutie gitaa."

Kijana apiga gitaa tangu shuleni, lakini hakuwahi kumiliki la umeme. Mimi si seremala wa kazi, nina mikono tu na vifaa vichache. Tulipasua mbao, tukachora umbo, tukakata, tukachonga mashimo ya pikapu na ya nyaya. Shingo tuliinunua kutoka kwa gitaa bovu. Kufikia mwezi wa tatu mwili ulikuwa tayari, unene wake milimita 44, na kila aliyeugusa aliusifu. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe nusu yake ilikuwa haijaanza.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wa hapa Pwani siku hizi wajaribu kujitengenezea vyombo, na nimeona vingi vizuri vikiharibikia kwenye rangi. Changu kilikaribia kuwa kimojawapo.

Harusi ya dadake kijana ilikuwa mwezi wa nne, naye alitaka apige siku hiyo gitaa la buluu linalong'aa. Nikaupeleka mwili kwa fundi wa kupuliza rangi za magari. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Hata kampuni ya Fender ya Marekani, ilipotoa magitaa ya rangi za kuchagua katika miaka ya 1950, ilitumia rangi za magari. Kosa langu lilikuwa haraka. Nilipiga msasa jioni mbili, na siku ya kupuliza mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Fundi aliniambia tungoje. Mimi ndiye niliyemshikilia.

Rangi ilipokauka ilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichopumuliwa. Sababu yake ni hii. Tina iliyo ndani ya rangi hiyo huruka upesi, na inaporuka huupoza uso wa mbao, sawa na unavyohisi baridi ukipaka spiriti mkononi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji huganda juu ya uso huo baridi na kunaswa ndani ya rangi. Hapa kwetu masika ikipamba moto, hewa ni nusu maji. Na chini ya ule ukungu, kila mkwaruzo wa tupa nilioudharau ulionekana waziwazi. Rangi inayong'aa haifichi kosa, hulimulika.

Kijana hakusema neno. Alilitazama gitaa, akaenda kuazima la rafikiye. Siku ya harusi nilimsikia akipiga la watu, nami nikawa nakumbuka lile gogo. Mbao ya dukani ukiiharibu wanunua nyengine. Hii haikuwa na pacha.

Nikampelekea mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyetengeneza fanicha maisha yake yote. Aliligeuza, akalipitisha kidole, akauliza, "Wenda mbio wapi, mwanangu? Mti wataka subira. Iondoe rangi yote, ungoje kaskazi." Nikamwambia sina mashine ya kupulizia. Akacheka. "Kwani mimi nilikuwa nayo?"

Kuiondoa rangi kulinichukua wiki mbili, kwa kipande cha chuma chenye makali na kwa msasa. Upande wa mbele ulipungua karibu milimita moja. Si nyingi, lakini ukirudia mara tatu nne, mashimo hukosa kina na skrubu hukosa pa kushika. Nikajua sina nafasi ya kukosea tena. Mwezi wa kwanza, anga ilipokuwa kavu na upepo wa kaskazi ukivuma, ndipo nilipoanza upya. Nitaeleza hatua kwa hatua, na yeyote mwenye mikono anaweza kuzifuata.

Kwanza ni msasa. Anza na namba 80 kuondoa alama za tupa na randa, kisha 120, 180, halafu 240. Usiruke namba, kwani kila moja kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Uzungushie msasa kwenye kipande cha mbao bapa, maana vidole huacha mabonde. Fuata mkondo wa mbao, usikate kingamo. Kwenye kingo, pale mbao ilipokatwa vichwa, piga msasa mara mbili zaidi, kwa sababu hapo hunywa vanishi nyingi na kugeuka nyeusi. Usiku zima taa, ulaze tochi ubavuni mwa mbao. Mkwaruzo ambao jua halikuuonyesha, tochi itauonyesha. Na vaa barakoa. Vumbi la mwarobaini ni chungu kama dawa yake, na kifua hakilipendi.

Ukidhani umemaliza, pangusa mbao kwa kitambaa chenye maji kidogo, uiache ikauke. Utaona imeota vinyweleo. Vikate kwa msasa namba 320, kwa mkono mwepesi. Usipofanya hivi, vinyweleo hivyo vitaota ndani ya vanishi.

Pili, ziba pasipotakiwa rangi. Shimo inapoingia shingo lazima libaki mbao tupu, la sivyo shingo itakataa kukaa. Mashimo ya pikapu yazibe kwa utepe wa karatasi. Pale pa shingo fungia kipande kirefu cha ubao kwa skrubu mbili. Huo ndio mpini wako, utaligeuza gitaa na kulitundika bila kuligusa.

Tatu ni kujaza vitundu vya mbao. Mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na kama mkangazi una vitundu vidogo ambavyo vanishi huzama ndani yake. Mzee alinifundisha njia isiyo na gharama. Paka vanishi nyembamba, na kabla haijakauka isugue kwa msasa namba 320. Vumbi la mbao yenyewe litachanganyika na vanishi liwe kama uji mzito. Uache ushike kidogo, kisha upanguse kwa kukata mkondo wa mbao, ili uji ubaki vitunduni. Nilifanya hivyo mara tatu, kila mara nikingoja siku nzima.

Nne ni vanishi yenyewe. Nilitumia vanishi ya mafuta, ile ngumu ya milango na meza, nikaichanganya nusu kwa nusu na tapentaini. Vanishi hii hukauka polepole, ndiyo maana haipatwi na ule ukungu, na ndiyo maana haihitaji mashine. Chukua kipande cha leso kuukuu iliyofuliwa hadi ikalainika, ya pamba tupu, ukikunje kiwe kama kitumba. Kichovye, kikamue, upangusie mbao kwa tabaka jembamba hadi uone kana kwamba hujapaka kitu. Tabaka nene hutiririka na kukauka juu huku ndani ni bichi. Nilipaka tabaka moja kila siku baada ya saa nne asubuhi, umande ukishakauka, na kila baada ya matabaka matatu nilipitisha msasa namba 400. Jumla zilikuwa tisa.

Hapa nasisitiza jambo moja kwa sisi tunaoishi nyumba zilizobanana. Matambara yenye vanishi ya mafuta usiyafinyange na kuyatupa pembeni. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa laweza kushika moto lenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje juu ya saruji hadi yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Na tina, spiriti na tapentaini zikae mbali na jiko.

Na ile buluu ya kijana? Tuliafikiana ibaki kichwani mwa gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, ili uso wa mwarobaini uonekane. Nikapaka andakoti kwa brashi laini, nikapiga msasa namba 400, kisha matabaka matatu membamba ya rangi ya mafuta. Siri ya brashi ni kumalizia kila tabaka kwa ncha yake, ukiivuta upande mmoja bila kukandamiza, na kutorudi nyuma pale rangi inapoanza kushika.

Tano, ngoja. Hapa ndipo wengi huanguka. Vanishi ikishikika kwa kidole si kwamba imekomaa. Mimi niliitundika wiki nne. Kipimo ni pua. Sogeza karibu, na ukisikia harufu bado, iache. Ukiisugua ikiwa mbichi itang'aa leo, na kesho kutwa itafifia na kuonyesha mikwaruzo yote, kwa sababu inaendelea kunywea.

Mwisho ni kung'arisha. Tumia msasa wa maji, namba 1000, 1500, kisha 2000, na maji yenye tone la sabuni. Mashimo ya skrubu yachunge, maji yakiingia humo mbao huvimba na vanishi hupasuka. Usisugue sana, maana ukitoboa tabaka moja hadi jengine utaona mstari kama wa ramani, na dawa yake ni kupaka upya. Malizia kwa ile dawa ya kung'arishia magari, kwa kitambaa safi. Nyuma ya shingo nilisugua kwa sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, ili isinate mkono wa mpigaji ukiwa na jasho. Lakini kazi hiyo uifanye kabla ya kufunga pikapu. Pikapu ni sumaku, itakusanya vipande vya chuma na usiweze kuvitoa.

Watu huniuliza kama vanishi yabadilisha sauti. Katika gitaa la umeme, pikapu husikiliza nyuzi zikitikisika juu ya sumaku, na tabaka jembamba la vanishi halina la kusema hapo. Kazi yake ni kuilinda mbao na jasho, chumvi na unyevu wetu. Gitaa lisilofunikwa huku Pwani hunywa maji masika na kunywea kaskazi, hadi shingo ihame mahali pake.

Mwenye kuona haya kwa kutengeneza chombo nyumbani akumbuke habari ya Queen, kundi ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mpiga gitaa wake, Brian May, alianza kutengeneza gitaa lake na babake mwaka 1963, akiwa na miaka 16. Shingo waliichonga kutoka mbao ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Gitaa hilo ndilo alilopigia dunia nzima.

Letu halina sifa hizo. Ukiliinamisha kwenye mwanga utaona, karibu na daraja la nyuzi, chembe za buluu zilizobaki vitunduni tangu ile rangi ya kwanza. Sikuweza kuzitoa. Kijana alipoziona alisema, "Ziache ami, nikumbuke tulivyokimbia."

Wazee wetu husema chanda chema huvikwa pete. Mimi nilitaka kuivisha pete kabla ya kukiosha chanda. Mafundi wa fanicha waliobaki mjini wayajua haya yote, na hawatozi ada kwa kijana anayekaa nao na kuwashikia msasa. Tuwapeleke wanetu kwao mapema, maana wazee hao wanapungua.

Jioni kijana alipofunga nyuzi na kuliwasha mara ya kwanza, mamake alitoka jikoni akasimama mlangoni. Hakuuliza wimbo gani. Aliupapasa mwili wa gitaa kwa kiganja, polepole, kisha akarudi kwenye chungu chake.