Kupanda Farasi kwa Mkono Mmoja

Watu wengi hudhani ya kuwa ajuaye kupanda farasi mmoja ajua kupanda wote. Sivyo. Ziko namna nyingi za kupanda, na kila namna ina sababu zake. Nitaeleza mbili: ya Kiingereza, niliyofundishwa kwanza, na ya wachunga ng'ombe, niliyojifunza Marekani nilipojitolea kuwasaidia wanafunzi wa chuo katika mashindano yao.

Chama cha mashindano hayo kilianzishwa mwaka 1967 na Bob Cacchione, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo. Mwanafunzi haji na farasi wake. Wenyeji huwaleta farasi, nao hugawanywa kwa kura. Kisha mpandaji huingia uwanjani juu ya mnyama asiyemjua, pasipo kumjaribu kwanza. Hivyo hata asiye na farasi aweza kushindana. Kazi yangu ilikuwa kumshika farasi mpaka mpandaji akae sawasawa.

Katika namna ya Kiingereza tandiko ni dogo na jepesi. Mpandaji hushika hatamu kwa mikono miwili, naye huuhisi mdomo wa farasi daima. Farasi akienda mchakamchaka, mpandaji huinuka na kuketi kwa kufuata mwendo.

Namna ya pili ilitoka kwa wachungaji wa Mexico, ambao asili ya ufundi wao ni Hispania. Tandiko lao ni kubwa na zito, na mbele lina pembe. Kwa nini? Mchungaji hukaa juu yake kutwa, na akimnasa ng'ombe kwa kamba, huizungusha kamba hiyo penye pembe. Mkono mmoja una kamba, basi hatamu hubaki katika mkono mmoja tu, nazo hulegezwa. Akitaka kwenda kulia, hupeleka mkono kulia. Hatamu ya kushoto huigusa shingo, na farasi aliyefundishwa huuepa mguso huo, akageuka kulia.

Msidhani ulegevu huo ni uvivu. Lijamu ya farasi hao mara nyingi ina vyuma virefu pembeni, nayo hufanya kazi kama wenzo mnaousoma katika fizikia: nguvu ndogo mkononi huwa kubwa mdomoni. Mpandaji mwenye hofu akivuta kwa ghafula, farasi huumia, na farasi aliyeumia aweza kuruka na kumwangusha.

Siku moja, baada ya mashindano, mwalimu wao alinipandisha juu ya farasi jike mzee. Aliniambia niuweke mkono chini, nitazame niendako, na nikitaka kusimama niketi kwa uzito na kutoa pumzi. Nilifanya hivyo, na yule mnyama akasimama pasipo kuvutwa. Ndipo nilipofahamu ya kuwa farasi husikia mwili mzima wa mpandaji, wala si mikono tu. Niliporudia tandiko langu dogo nilishika hatamu mbili kama zamani, lakini kwa wepesi zaidi, na farasi wakanyosha shingo zao kwa raha.

Basi, enyi wanafunzi, mkikuta mtu anafanya kazi yenu kwa njia nyingine, msimcheke. Mwulizeni sababu. Huenda jibu lake likawafundisha sababu ya njia yenu wenyewe.