Saa moja au saa saba? Tarakimu za simu zinavyovuruga saa ya Kiswahili

Mswahili akitazama simu asubuhi huona 7:00, naye husema, "Ni saa moja." Hajakosea. Saa zetu huhesabiwa kuanzia macheo na machweo, ambayo huku karibu na Ikweta hayabadiliki sana mwaka mzima. London hesabu hii ingekuwa kichekesho: mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwishoni mwa Desemba hungoja hadi baada ya saa mbili!

Saa ya mishale ilituvumilia. Mshale mfupi ukielekea saba, upande wa pili wake pana moja. Jicho huvuka tu, wala huhitaji hesabu. Tarakimu, hata hivyo, hazina upande wa pili. Ukiona 7:00 lazima utoe sita, na simu ikiandika 19:00 utoe kumi na nane. Nadhani ndiyo sababu wengi siku hizi wanaikwepa kazi hiyo na kutaja saa kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Eti ni uvivu? Mimi naona ni chombo chenyewe kinachowasukuma. Baadhi ya simu hukubali kalenda ya Kijapani na hata ya Kibudha, lakini ukichagua Kiswahili, majina ya siku na miezi hugeuka huku saa ikibaki ya Kizungu.

Kuna na suala la tarehe. Simu huibadilisha saa sita usiku. Kwa desturi ya Waswahili wa pwani, siku huanza magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Wengi wa bara huuita usiku uo huo usiku wa Alhamisi.

Sasa hebu nunua tiketi ya basi mtandaoni: Ijumaa, 1:00 AM, yaani saa saba usiku. Bibi wa Lamu anayefuata hesabu ya wazee atafika stendi kwa wakati. Mjukuu wake aliyekulia Nairobi, mwenye simu mkononi, huenda akafika usiku unaofuata, basi limeshaondoka jana yake. Kampuni ingeandika tu "usiku wa kuamkia Ijumaa", wote wawili wangesafiri pamoja.