Sharti la Uandishi na Nafasi ya Kiswahili katika Vyuo Vikuu vya Kando ya Ziwa

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kulieleza sharti la uandishi linalomkabili mwanafunzi wa shahada ya kwanza kabla ya kuhitimu, na kuchunguza nafasi ya Kiswahili ndani ya sharti hilo katika vyuo vikuu vilivyo kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya. Mfano wetu mkuu ni Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1990 na kupata hadhi kamili mwaka 2001. Hoja yetu ni kwamba sharti hilo limefungamanishwa na lugha moja, ilhali wahitimu wanaandaliwa kuitumikia nchi ambayo, kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, ina lugha rasmi mbili.

2. Asili ya Sharti

Wazo la kumlazimisha kila mwanafunzi kujifunza kuandika akiwa chuoni si la Afrika Mashariki pekee. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwatahini waombaji kwa utungo mwaka 1874, na mwaka 1885 kikaifanya kozi ya utungaji kuwa ya lazima kwa mwaka wa kwanza. Baadaye, mwaka 1976, vyuo vya Jimbo la California vilipitisha kanuni kwamba asiyethibitisha umahiri wa kuandika asitunukiwe shahada. Tofauti ya mifano hii miwili ni muhimu: wa kwanza huliweka sharti mlangoni, wa pili huliweka karibu na kutoka.

Vyuo vikuu vya umma vya Kenya vimefuata zaidi mfano wa kwanza. Kozi ya Stadi za Mawasiliano ni miongoni mwa kozi za lazima za mwaka wa kwanza, nayo kwa desturi hufundishwa kwa Kiingereza. Humo mwanafunzi hufunzwa kuandika madokezo, kufupisha, kupanga hoja, kunukuu na kutaja marejeo. Hata mwanafunzi atakayesomea Kiswahili hujifunza kanuni hizo kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kuzihamishia mwenyewe katika lugha ya taaluma yake.

3. Insha ya Sekondari na Maandishi ya Chuo

Huenda ikadaiwa kwamba mwanafunzi huyo amekwisha kujifunza kuandika Kiswahili katika shule ya sekondari. Dai hili lina ukweli nusu. Katika mtihani wa kidato cha nne ulioanza mwaka 1989, karatasi ya kwanza ya Kiswahili imekuwa ya insha. Mtahiniwa huandika insha mbili: moja ya lazima, ambayo huwa barua, ripoti, hotuba au kumbukumbu, na nyingine ya kuchagua, ambayo mara nyingi ni kisa cha kuthibitisha methali au kinachomalizika kwa maneno aliyopewa. Mtahiniwa husifiwa kwa tamathali, misemo na msamiati wa kuvutia.

Maandishi ya chuo hudai jambo jingine. Methali si ushahidi, na tashbihi haithibitishi dai. Mwandishi hupaswa kuonyesha nani amesema nini, yeye anakubaliana naye wapi, na kwa data gani. Asiyefundishwa mpito huu huandika tasnifu kana kwamba anaandika insha ya mtihani: aya ya kwanza imejaa mapambo, ya mwisho imejaa mawaidha, na katikati hamna hoja.

4. Sura ya Tatizo Katika Lugha

Wanafunzi wengi wa eneo hili huzungumza Kijaluo, lugha isiyo na upatanisho wa ngeli kama wa Kiswahili. Hata hivyo, si haki kuibebesha lugha ya mama lawama yote, kwani sentensi kama “kitabu yake ilipotea”, badala ya “kitabu chake kilipotea”, husikika Nairobi pia. Kosa la namna hii huonekana upesi na husahihishwa upesi.

Gumu zaidi ni lile la fikira zilizopangwa kwa Kiingereza zikavishwa maneno ya Kiswahili. Mwanafunzi huandika “kulingana na mimi” akikusudia “kwa maoni yangu”. Huandika “mvuvi ambaye alileta samaki ambao waliuzwa” mahali ambapo “mvuvi aliyeleta samaki waliouzwa” ingetosha. Sentensi ya “amba-” si kosa la sarufi. Lakini ikirudiwa ukurasa mzima hoja hulemaa. Kasoro ya aina hii haiwezi kurekebishwa na kozi inayofundishwa kwa lugha nyingine.

Madhara yake hayaishii chuoni. Afisa wa afya atakayetoa ilani ya kipindupindu katika ufuo wa Dunga, au afisa wa uvuvi atakayewaeleza wavuvi kanuni za nyavu, atawaandikia watu ambao wengi wao hawatafaidika na ripoti ya Kiingereza. Ilani isipoeleweka, hasara ni ya msomaji.

5. Pendekezo

Tunapendekeza sharti ligawanywe mara mbili. Sehemu ya kwanza ibaki katika mwaka wa kwanza kama ilivyo. Ya pili iwekwe katika mwaka wa tatu, ndani ya taaluma ya mwanafunzi, naye aruhusiwe kuitimiza kwa Kiswahili. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, iwe lazima kufanya hivyo.

Pingamizi mbili zatarajiwa. Ya kwanza ni uhaba wa istilahi. Lakini Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu mwaka 1970, na maneno kama nadharia, dhana, tasnifu na marejeleo si mageni tena kwa msomi yeyote. Ya pili ni wingi wa wanafunzi na uchache wa wahadhiri. Hii ni nzito zaidi, kwa sababu kuandika hufundishwa kwa kusomwa na kusahihishwa, wala si kwa mhadhara. Kwa hiyo hapana budi kuanza na idara za lugha pamoja na ualimu, kwa vikundi vidogo, kabla ya kuzifikia idara nyingine. Walimu watakaotoka humo ndio watakaowafunza wanafunzi wa kesho kutofautisha insha na hoja.