Filimbi Haina Ndugu

Mwenye filimbi uwanjani ni mtumishi wa sheria, si mtumishi wa wanaomtazama. Maneno haya tumeyasema mara nyingi mbele ya vijana, lakini hatukupata kuyalipia gharama yake mpaka tulipoalikwa Kigali kuchezesha pambano la kirafiki la mpira wa kikapu baina ya timu mbili za ridhaa, moja ya wenyeji na nyingine ya wafanyakazi wa kwetu. Kwa makubaliano ya pande zote, sisi tulikuwa mwamuzi mkuu, na mwamuzi wa pili alitoka kwa wenyeji.

Wenyeji walitutendea heshima kubwa. Pambano lilichezwa katika ukumbi wa BK Arena, uliofunguliwa mwaka 2019 na kuchukua watazamaji wapatao 10,000. Ndani ya ukumbi huo, mwaka 2021, yalichezwa mashindano ya kwanza ya Ligi ya Kikapu ya Afrika, Zamalek ya Misri ikatwaa ubingwa. Sisi tuliozoea uwanja wa saruji chini ya jua, ambako mtunza saa hutazama saa yake ya mkononi na mpira ukitoka hufuatwa shambani kwa watu, tuliingia humo kwa unyonge.

Kwa hakika uwanja ni ule ule: urefu mita 28, upana mita 15, na pete iko mita 3.05 kutoka chini. Kilichobadilika ni ushahidi. Kwetu, wakati ukibishaniwa, neno la mwamuzi humaliza ubishi. Pale saa kubwa huonyesha hata sehemu za kumi za sekunde, na muda ukiisha taa nyekundu huwaka kwenye ubao wa kikapu, kila mtu akaiona.

Ikafika dakika ya mwisho. Timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Kijana wetu akaruka, akatupa, mpira ukaingia. Tukahesabu kikapu. Vijana wakakumbatiana kwa furaha.

Mwenzetu akatujia taratibu, akatunong'oneza kwa Kiswahili kwamba taa ilikwisha kuwaka mpira ukiwa bado mkononi mwa mtupaji. Sheria haina utata hapo: mpira ulioachiwa kabla ya muda kuisha huhesabiwa, uliochelewa hauhesabiwi. Nasi tulijua nafsini mwetu kwamba hatukuitazama taa. Tulikuwa tukiitazama mikono ya walinzi, tukihofia madhambi. Aliyeona alikuwa yeye.

Papo hapo kiongozi mmoja wa msafara wetu akasimama kwenye safu ya mbele, akapaza sauti: "Ndugu mwamuzi, kikapu kimekwisha hesabiwa! Huyo ni mtu wao!" Tukatazama jukwaani, tukatazama ubao. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetufundisha Kurani tungali wadogo, alikuwa akisema kwamba mwenye kushika mizani asimtazame mnunuzi usoni. Tukakifuta kikapu. Timu yetu ikashindwa kwa pointi moja, na katika basi hakuna aliyetusemesha mpaka tulipovuka daraja la Rusumo.

Njiani tulilikumbuka pambano kubwa zaidi la wachezaji wa ridhaa, lililochezwa kabla hatujazaliwa. Katika fainali ya Olimpiki ya Munich, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 1972, vijana wa vyuo vya Marekani walikuwa wakiongoza Urusi ya Kisovyeti kwa pointi 50 dhidi ya 49, zikiwa zimebaki sekunde tatu. Vurugu zikazuka kwenye meza ya mtunza saa. Ndipo William Jones, Katibu Mkuu wa shirikisho la dunia la mchezo huo, aliposhuka kutoka jukwaani na kuamuru sekunde tatu zirudishwe. Mchezo ukarudiwa, Alexander Belov akafunga, Urusi ikashinda 51 kwa 50. Mwamuzi Renato Righetto wa Brazil alikataa kuitia saini karatasi ya matokeo, na Wamarekani wakakataa kuvaa medali za fedha. Hata leo ubishi ule haujazikwa.

Yawezekana sekunde zile zilistahili kurudishwa. Hilo wajuzi na waendelee kulijadili. Neno letu ni moja. Kosa la mwamuzi likisahihishwa na waamuzi wenyewe, kwa sheria, heshima ya filimbi hubaki. Likisahihishwa kwa amri ya mkubwa wa jukwaani, hata haki ikipatikana, haitaaminika. Mkubwa huyo hana nia mbaya siku zote. Aghalabu husukumwa na mapenzi ya timu yake. Lakini wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake.

Sisi viongozi hatuna budi kuyapima haya, maana filimbi haiko uwanjani peke yake. Iko kwenye mizani ya mnada wa mazao, kwenye baraza la kata, kwenye chumba cha mtihani. Katika mahali pote hapo kuna mtu mdogo aliyepewa kazi ya kuamua, na kuna mtu mkubwa aliyeketi safu ya mbele. Huyo mkubwa, akitaka kuwasaidia wananchi, na aketi.