Picha ya Kihindi na Posa Mbili

Kila mwaka kitabu chetu hiki hujaa habari za ndoa, za waliozaliwa na za waliotutangulia mbele ya haki, na ndivyo inavyopasa. Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya starehe, yaani senema, nyimbo na televisheni, na namna zilivyoingia majumbani mwetu na kutugeuza. Nilidhani ni kazi nyepesi. Nilipoketi kuandika nikajikuta namwandika marehemu shangazi yangu. Wenye habari hii waliobaki hai wameniruhusu niisimulie, madhali sitaji jina la mtu.

Wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa Unguja ya miaka ya 1950. Mjini palikuwa na Empire, palikuwa na Sultana, ambayo baada ya 1964 iliitwa Cine Afrique, na palikuwa na Majestic pale Vuga, iliyojengwa 1955 mahali pa jumba la zamani lililoteketea kwa moto. Jumapili jioni ilikuwa siku ya picha ya Kihindi. Mji ulinukia udi na njugu za kukaanga, na asiyepata tiketi dirishani aliinunua kwa walanguzi kwa bei ya juu, huku akiwalaani. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, na vijana wadogo wa kiume kama mimi tulipitishwa pamoja na mama zetu, tumeshika ncha za mabuibui yao.

Wengi hatukuijua lugha ile, lakini hapakosi mmoja aliyekulia jirani na Wahindi, naye huwafasiria wenziwe safu nzima mpaka anyamazishwe. Kesho yake utaona mabinti wamesuka nywele kama Nargis, na vijana wamekunja suruali zao kama Raj Kapoor. Waimbaji wa taarab nao waliziokota tuni za Kihindi wakazivisha maneno ya Kiswahili. Kule Mombasa Juma Bhalo alijipatia jina kubwa kwa mtindo huo. Wazee walilalamika, lakini wazee hao hao walikuwa wakizisikiliza sahani za santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay tangu 1928.

Basi nguo na nywele zilikuja zikapita. Ninalotaka kulieleza halikupita.

Shangazi alikuwa kitindamimba wa babu yangu, msichana aliyesoma shule na mwenye ulimi. Akaja kuposwa na mwalimu mmoja, kijana mwenye adabu, msikitini hakosekani, na mshahara wake si haba. Babu aliuliza habari zake kama desturi. Ikaonekana kuwa bibi yake mzaa baba alikuwa miongoni mwa waliokuwa watumwa kabla ya amri ya 1897. Babu hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Asili," akaagiza kahawa.

Shangazi hakulia mbele za watu. Alichofanya ni kumwomba mama yake waende Majestic kutazama Awaara, picha ya mwaka 1951 ambayo Unguja ilirudiwa mara nyingi mno, nami nikachukuliwa. Wasioijua niwaeleze. Yuko hakimu mmoja anayeamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi na mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema. Mkewe anatekwa na jambazi na kurudishwa, naye ana mimba. Watu wananong'ona, na hakimu anamtoa nyumbani usiku. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika ufukara, na jambazi yule yule anamfundisha wizi makusudi, ili ampe hakimu jibu. Mwisho kijana anasimamishwa mahakamani, na anayemtetea ni msichana aliyelelewa na hakimu huyo. Raj Kapoor ndiye kijana, na hakimu ni Prithviraj, baba yake wa kuzaa, jambo ambalo lilitufurahisha sana watoto.

Bibi alilia mpaka ncha ya kanga ikarowa. Tulipokuwa tunarudi vichochoroni, shangazi alimuuliza, "Mama, yule hakimu umemwonaje?"

"Hana huruma."

"Na baba je?"

Bibi hakujibu. Tulifika mlangoni hajasema neno.

Usiku ule nililala chumba cha pili na nikawasikia. Bibi alimhadithia babu picha yote, mwanzo hadi mwisho, naye babu hakuwahi kutia mguu senema maisha yake. Alisikiliza, kisha akauliza, "Huyo kijana, hatimaye alikuwa mwizi ama hakuwa?"

"Alikuwa mwizi. Lakini waliomfanya mwizi ni wao."

"Basi umeona," akasema babu, akageuka upande wa ukuta.

Posa ikarejeshwa. Nimewasikia wengi wakisema senema iliwaharibu watoto wetu, na wengine wakisema iliwafungua macho. Mimi niliyekuwapo nasema kwamba mara nyingi mtu hutoka na kile kile alichoingia nacho, na babu hata hakuingia. Shangazi aliolewa mwaka uliofuata na binamu yake, mtu mwema, wakazaa. Baada ya 1964 tulitawanyika, na Sultan Qaboos alipowaita nyumbani walio nje, kuanzia 1970, wao walikuwa miongoni mwa waliofika Maskati mapema. Mwalimu yule sikumsikia shangazi akimtaja tena.

Sasa turukie 2008. Nani miongoni mwetu asiyekumbuka Noor, mchezo ule wa Kituruki uliotiwa sauti kwa Kiarabu cha Sham? Barabara zilikuwa kimya saa ya Noor. Mufti mkuu wa Saudia aliikemea michezo hiyo, na magazeti ya Kiarabu yaliandika juu ya wake waliowauliza waume zao kwa nini hawako kama Muhannad. Nami nakiri kuwa mke wangu aliniuliza. Nilimjibu kuwa Muhannad halipi bili ya umeme, na jibu hilo halikumpendeza. Katika hili wakosoaji hawakukosa kabisa: picha hizi humwonyesha mtu mapenzi yasiyochoka wala yasiyo na deni, naye akigeuka humwona mwenzake ana soksi mkononi anatafuta ya pili.

Mwaka uliofuata mjukuu wa shangazi aliposwa na kijana waliyesoma pamoja. Baba wa binti, yaani mwana wa shangazi, aliuliza habari, kisha akasema, "Asili yao hatuijui." Niliyasikia maneno hayo sebuleni kwake, na nilimtazama shangazi. Alikuwa anamenya chungwa. Hakusema lolote siku ile.

Baada ya siku tatu alinipigia simu. Alitaka nizunguke maduka ya Ruwi nimtafutie Awaara. Niliipata katika duka la tatu, yenye maandishi ya Kiarabu chini. Ijumaa baada ya chakula aliiweka, akamkalisha mjukuu wake pembeni, na badala ya kumwacha asome maandishi akawa anamfasiria kwa Kiswahili, na binti Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Mara mbili tatu ilibidi nimfasirie fasiri.

Mwanawe alikuja kumchukua binti picha ikiwa imefika mahakamani. Alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Shangazi hakugeuka.

"Kaa mwanangu, imebaki kidogo. Babu yako hakuitazama hii, alihadithiwa tu."

Alikaa. Sitadai kuwa picha ndiyo iliyomlainisha, maana mkewe alikuwa ameshamsemesha wiki nzima, na kijana alikuwa mhandisi mwenye kazi nzuri. Ila najua kwamba taa zilipowashwa hakuuliza kama kijana yule alikuwa mwizi ama hakuwa. Alimuuliza mama yake, "Na wewe, ni nani aliyekuposa?" Shangazi akamwambia jina. Lilikuwa limekaa miaka zaidi ya hamsini bila ya kutajwa, na alilitamka taratibu, pamoja na la baba yake na la babu yake.

Posa ilikubaliwa baada ya Idi. Siku ya harusi shangazi alikaa mbele, karibu na wapiga taarab, na wapambe walipomuuliza kilichomliza aliwaambia ni moshi wa udi.