Kupima Habari: Somo la Mwalimu Mkutubi

Mwalimu kijana akabidhiwapo ufunguo wa kabati la vitabu, mara nyingi hudhani kwamba kazi yake ni kuvihesabu na kuvilinda. Hiyo ni nusu tu ya kazi ya mkutubi. Nusu ya pili ni kumfundisha mtoto namna ya kutafuta habari, na kuipima kabla ya kuiamini.

Anza na jambo jepesi kuthibitishwa darasani. Tuseme unafundisha Darasa la Tano huko Geita. Uliza: "Geita imo katika mkoa gani?" Kipe kikundi kimoja kitabu cha jiografia kilichochapishwa kabla ya mwaka 2012, na kikundi cha pili kitabu kipya. Kimoja kitajibu Mwanza, cha pili Geita. Usiwe mwepesi kuamua. Waagize watafute mwaka wa kuchapishwa katika kurasa za mwanzo, ndipo ueleze kwamba Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Hakuna kitabu kilichodanganya. Kila kimoja kilisema kweli ya wakati wake. Mwalimu aliyeko Shinyanga aweza kutumia mfano wa Bariadi, ambayo tangu mwaka huo imo katika Mkoa wa Simiyu.

Wakishazoea, wapeleke kwenye jambo zito zaidi. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo ili dhahabu ibaki. Huenda mtoto akasema amesikia kwamba pasipo moshi hapana hatari. Usimkaripie, wala usiwadharau wazazi wapatao riziki yao machimboni. Andika usemi huo ubaoni, na chini yake maswali matatu: Nani amesema? Amejuaje? Nani mwingine anathibitisha? Kisha watoto waulinganishe na kitabu cha sayansi na maelezo ya mganga wa zahanati. Hapo watafikia ukweli kwamba mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo na figo, na watoto wamo katika hatari kubwa zaidi.

Mwisho, mwalimu asione haya kusema, "Sijui, tutafute pamoja." Mtoto amwonaye mwalimu wake akifungua kitabu ili ajisahihishe, naye hataona aibu kuuliza, hata atakapokuwa mtu mzima machimboni.